Profesa Juzi na Mlango wa Kuazima

Wanafunzi walimpa uprofesa miaka kumi na miwili kabla chuo hakijampa. Ilikuwa wiki yake ya pili ya kufundisha, katika chumba namba saba nyuma ya maktaba ya kitivo cha sheria, chumba chenye feni moja iliyozunguka kwa kulalamika. Mbele yake walikaa wanafunzi watatu, na hao ndio waliokuwa darasa zima la historia ya sheria. Akaanza hivi: "Juzi tu hapa, miaka themanini na mitatu iliyopita, mama mmoja aliingia mahakamani..."

Hakufika mbali. Mwanafunzi wa kwanza alijibana, wa pili akapaliwa, wa tatu akalaza kichwa mezani akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kufikia saa ya chakula kitivo kizima kilikuwa kinamwita Profesa Juzi, na jina likamganda kama ulimbo. Yeye mwenyewe hakuona cha kuchekesha. Kwake, miaka themanini ilikuwa juzi kweli.

Hakuzaliwa akipenda mambo ya kale. Mama yake alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na alimsomesha binti yake huyo wa pekee kwa nia moja tu: awe wakili, tena wakili wa kusimama na kusikika. Joho la uwakili alilishona kwa mkono wake. Ndani alilitia mifuko miwili isiyoonekana, maana alisema wakili asiye na pa kuweka leso atajipangusa jasho kwa ushahidi.

Joho lile halikuvaliwa sana. Binti aliajiriwa katika ofisi ya wakili mmoja mkongwe, mtu mpole mwenye miwani ya kamba, na baada ya miezi minne akapewa kesi yake ya kwanza. Ilikuwa kesi nyepesi ya mpangaji na mwenye nyumba. Lakini alipofungua kifungu cha sheria kilichohusika, akataka kujua kilitoka wapi. Akakuta kilirithi sheria nyingine ya zamani. Akaifuata hiyo, ikamwongoza kwa nyingine. Siku ya kesi alisimama mbele ya hakimu akasimulia ukoo mzima wa kifungu kile, babu, bibi na vitukuu, kwa dakika ishirini na tano bila kumeza mate.

Hakimu alisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, "Wakili msomi, mteja wako anataka nini?"

Akageuka kumtazama mteja wake. Hapo ndipo alipogundua kwamba hajawahi kumuuliza.

Mteja akainuka mwenyewe. "Nataka bomba la jikoni litengenezwe, mheshimiwa. Linavuja."

Hakimu akaamuru bomba litengenezwe, na kesi ikaisha.

Jioni ile yule wakili mkongwe alimwita ofisini, akamkaribisha kiti, akavua miwani. "Mwanangu," alisema, "wewe si wakili mbaya. Ila unapenda kesi zilizokwisha, na mimi hapa naishi kwa zile ambazo hazijaisha."

Hakumfukuza. Alifanya jambo lililokuwa baya zaidi, au jema zaidi, inategemea unamuuliza nani: alimtuma masjala ya zamani ya mahakama kutafuta hukumu moja ya miaka iliyopita. Alimtuma asubuhi. Binti alirudi ofisini siku ya tatu, kuaga.

Masjala ile ilikuwa chini ya jengo la mahakama, ngazi kumi na tisa kwenda chini, na mlinzi wake alikuwa mzee mwembamba ambaye makarani wote walimwita Mzee Makabrasha. Siku ya kwanza alimtazama binti akipiga chafya kumi mfululizo, akampa kitambaa cha kujifunga puani na somo la kwanza. "Jalada halifunguliwi kama bahasha ya mshahara," alimwambia. "Lifungue kama unavyomfunua mtoto aliyelala."

Mzee alimfundisha kusoma mwandiko wa makarani waliokufa zamani, kutofautisha doa la wino na kinyesi cha mende, na kupapasa chini kabisa ya rafu, nyuma, mahali ambapo mafaili huanguka na kusahauliwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao waliinama kweli, mpaka wakitoka jioni walitembea kama wamebeba magunia.

Mama yake alipopata habari aliacha kushona, jambo lililotokea mara chache.

"Kwa hiyo umeziacha kesi za watu walio hai, umefuata za marehemu."

"Marehemu hawana haraka, mama. Na hawakati rufaa."

"Wala hawalipi," alisema mama, akarudi kwenye cherehani.

Huko chini ndiko alikokutana na kesi ya mlango. Ilikuwa katika daftari kubwa la kesi ndogondogo, na yenyewe ilikuwa fupi. Mama mmoja, dobi, mjane, alikuwa na nyumba yenye milango miwili. Jirani yake alikuwa akitarajia wakwe kuja kumtazama binti yake, na nyumba yake haikuwa na mlango wa mbele, ila pazia. Akamwomba dobi amwazime mlango wake wa nyuma kwa siku tatu, asiaibike. Dobi akakubali. Huyo jirani, usicheke, alikuwa seremala.

Wakwe walikuja, wakala, wakaridhika, wakaondoka. Mlango haukurudi. Seremala alikuwa ameupiga randa, ameupaka rangi na kuupigilia vizuri kwenye fremu. Akadai mbele ya hakimu kwamba kilichopigiliwa kwenye nyumba kimekuwa nyumba, na nyumba ni yake. Karani alikuwa ameandika maelezo ya pande zote mbili, tarehe ya kusikilizwa, kisha juu ya mstari wote ukapita wino mwekundu, kutoka ukingo hadi ukingo. Baada ya hapo, kimya. Hakuna hukumu wala jalada.

Profesa Juzi, wakati huo bado hana jina hilo, aliutazama ule mstari mwekundu siku nzima. Akaamua kwamba kesi imefutwa na dobi amerudishwa nyumbani mikono mitupu. Juu ya msingi huo aliandika tasnifu yake ya uzamivu, na baadaye kitabu, na sura ya nne ya kitabu ndiyo iliyompa sifa. Humo alieleza kwamba mahakama za enzi zile hazikuwa na sikio la mwanamke asiye na mume wa kumsemea. Aliandika kwa uchungu na kwa ufundi, na watu wa vyuo vingine wakainukuu.

Darasani, mlango ule ulikuwa silaha yake. Kila mwaka aliwagawa wanafunzi: hawa wa dobi, hawa wa seremala, kesi isikilizwe upya. Mwaka wa tatu kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba mkuu wa kitivo alitoka ofisini kwake akidhani kuna mgomo. Alipofungua mlango wa chumba namba saba alikuta vijana wawili wamesimama juu ya viti, mmoja akipiga kelele kwamba hata pazia lina haki zake.

"Kuna nini humu?" aliuliza.

"Tunakosa hakimu, mkuu," Profesa Juzi akamjibu. "Kaa hapo."

Alikaa. Alitoa hukumu baada ya saa moja na nusu, akiwa amesahau kikao chake cha bajeti. Muhula uliofuata somo lile la hiari liliandikisha wanafunzi arobaini, na chumba namba saba kikawa hakitoshi.

Nyumbani, jambo lilikuwa tofauti kidogo. Mama yake hakuwahi kusoma kitabu kile, lakini alikuwa amesomewa sura ya nne siku moja akiwa anatia vifungo, na tangu siku hiyo hakuwa na amani. Anaweza kuwa anapima kiuno cha mtoto wa watu, ghafla akasema, "Yule seremala alikuwa mwizi." Mkwewe, yaani mume wa Profesa Juzi, mwalimu wa hesabu wa sekondari, ndiye aliyemvumilia zaidi.

"Mkwe wangu, wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mlango wa kuazima ulimsitiri nini yule?"

"Ulimsitiri siku tatu, mama."

"Na mwenzake akalala na upepo miaka yote."

Basi, katika mwaka wa kumi na moja wa kufundisha, akaja Afande. Huyu alikuwa amestaafu polisi baada ya miaka thelathini, akaamua kusoma sheria akiwa na miaka hamsini na saba, kwa maelezo kwamba alikuwa ameikamatia watu muda mrefu na sasa alitaka kujua inasemaje. Alikaa mstari wa mbele, aliandika kwa herufi kubwa, na akiulizwa swali alisimama wima. Vijana walimpenda kwa sababu alikuwa na peremende mfukoni na hakuogopa kusema hajaelewa.

Zoezi la muhula lilikuwa kuchagua ukurasa mmoja wa daftari la zamani na kuueleza. Afande alichagua ukurasa wa mlango. Wiki moja baadaye alibisha hodi ofisini, akakaa ukingoni mwa kiti, kofia mapajani.

"Mwalimu, nina jambo, ila naogopa kukukosea adabu."

"Sema, kaka. Humu tunakosana adabu kila siku."

Afande akatoa picha ya ule ukurasa. "Huu mstari mwekundu. Umeandika kitabuni kwamba kesi ilifutwa."

"Ndiyo."

"Kituoni kwetu, zamani, kabla ya kompyuta, kitu kilichofutwa tulikipiga msalaba wa mkasi, mistari miwili iliyopishana, hivi." Akachora hewani. "Mstari mmoja mrefu kutoka ukingo mpaka ukingo tulipiga jalada likihamishiwa kituo kingine. Maana yake: usilitafute hapa, limekwenda mbele. Sijui kama makarani wa mahakama walifanya vivyo hivyo. Lakini sisi tulifundishwa na wazee, na hao wazee nao walifundishwa na makarani wa mahakama."

Profesa Juzi aliinuka, akachukua nakala zake za kurasa nyingine za daftari lile, akazipanga mezani. Kulikuwa na misalaba ya mkasi. Kulikuwa na mistari mirefu. Alikuwa ameviona vyote viwili kwa miaka ishirini na kuvisoma kama kitu kimoja. Masikio yalimwaka moto.

"Limekwenda mbele wapi?" aliuliza mwishowe.

"Mbele ya mahakama ndogo kuna nini, mwalimu?"

"Rufaa."

Walishuka ngazi kumi na tisa siku iliyofuata. Mzee Makabrasha alikuwa amestaafu zamani, lakini walimpigia simu nyumbani, naye akawaambia wasipoteze muda kutafuta kwa jina la marehemu mume. "Rufaani waliandika wanawake kwa majina ya baba zao," alisema. "Hukuniuliza, binti yangu. Ungeniuliza ningekwambia."

Iliwachukua siku tisa. Siku ya tisa Afande, aliyekuwa amelala kifudifudi sakafuni na mkono wote umezama nyuma ya rafu ya chini, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nadhani nimemkamata."

Jalada lilikuwa jembamba. Ndani mlikuwa na maombi ya rufaa yaliyoandikwa na mwandishi wa barua wa mtaani, na mwisho wake alama ya dole gumba. Mlikuwa na kumbukumbu za vikao: dobi alifika mara saba, na mara tano aliambiwa arudi. Mlikuwa na hukumu ya kurasa mbili, ambamo jaji alisema kitu kilichoazimwa hakibadiliki kuwa mali ya aliyeazima kwa sababu tu ana nyundo. Na nyuma kabisa, karatasi ndogo yenye dole gumba lilelile: *Nimepokea mlango wangu na bawaba mbili. Kitasa hakipo.*

Profesa Juzi aliisoma mara tatu. Alicheka, kisha akaona macho yamemlowa, kisha akacheka tena. Alikuwa amemzika yule mama angali mshindi. Na hapohapo, kama maji ya baridi mgongoni, akakumbuka kwamba baada ya wiki tatu alikuwa na kikao na kamati ya kupandisha vyeo, na kitabu chake ndicho kilichokuwa juu kabisa ya maombi yake ya uprofesa.

Wenzake wawili wa kitivo walimshauri kwa nia njema. Subiri kamati ipite, walisema. Jalada limelala miaka tisini na zaidi, litashindwa kulala mwezi mmoja? Yeye mwenyewe alilitafakari hilo kwa siku mbili, na hatusemi uongo, kuna saa lilimkaa vizuri sana.

Mumewe alimsikiliza akiwa anasahihisha madaftari mezani. Alipomaliza kusikiliza alimgeuzia daftari moja. "Huyu kakosea hapa. Unaona alichofanya? Kachukua kifutio, kafuta mpaka karatasi imetoboka, sasa sijui alikosea wapi wala alipatia wapi. Mimi nawaambia kila siku: likate kwa mstari mmoja, lionekane, halafu andika jibu sahihi chini yake. Maksi za njia nitakupa."

"Kamati haitoi maksi za njia."

"Hujawauliza," alisema mumewe, akarudi kwenye kazi yake.

Akaandika barua ya kurasa mbili kwa kamati. Alieleza kosa, alieleza nani aliyeligundua na kwa ujuzi gani, akaambatisha nakala ya jalada. Mwenyekiti wa kamati alikuwa jaji mstaafu, mama mwenye nywele nyeupe na sauti ndogo iliyowafanya watu wote wanyamaze ili waisikie.

"Nielewe vizuri," alisema siku ya kikao. "Unataka tukupe cheo kwa kitabu ambacho wewe mwenyewe unasema kina makosa."

"Sura moja, mheshimiwa. Zile nyingine kumi na moja bado sijakamatwa."

Mtu mmoja alikohoa ili asicheke, na hakufanikiwa. Jaji hakutabasamu, ila aliandika kitu. Majibu yalikuja baada ya siku kumi: maombi yameahirishwa mwaka mmoja, mwombaji achapishe masahihisho kwanza. Hakuyapokea kwa furaha. Alijifungia bafuni akafungulia maji kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kuoga. Asubuhi yake alikwenda kumwona mama yake, maana alihitaji kukaa karibu na kelele za cherehani.

Alimsimulia yote, tangu mstari mwekundu. Mama aliendelea kushona mpaka alipofika kwenye dole gumba la pili. Hapo mguu ukaacha kukanyaga.

"Kwa hiyo alirudishiwa mlango wake."

"Alirudishiwa."

"Wenyewe ule ule?"

"Ule ule, mama. Na bawaba zake mbili."

"Na kitasa?"

"Kitasa hakikurudi."

Mama akatikisa kichwa taratibu, uso umemng'aa kama aliyeletewa habari za dada yake. "Nilijua tu. Mtu wa kung'ang'ania mlango hawezi kurudisha kitasa." Kisha, baada ya kukata uzi kwa meno: "Nawe unalilia cheo siku kama ya leo. Mwenzako kaenda mara saba kwa miguu. Wewe wamekwambia urudi mara moja."

Alibaki pale mpaka mchana, akamtilia mama yake uzi kwenye sindano, kazi aliyokuwa akiifanya vizuri tangu utotoni.

Makala aliiandika na Afande, majina mawili juu yake, la Afande likiwa la kwanza kwa sababu Profesa Juzi alikataa katakata iwe vingine. Walieleza misalaba na mistari, walieleza mara saba za dobi, na badala ya kusema mahakama haikuwa na sikio, walionyesha ilikuwa na sikio lakini mlango wake wa kulifikia ulikuwa mbali, na wako waliofika. Makala ile ilisomwa kuliko kitabu. Watu wa masjala za miji mingine waliandika kusema nao wameanza kutazama wino mwekundu upya. Mwaka ulipotimia kamati ilikaa dakika kumi na tano tu, na chuo kikaidhinisha jina ambalo wanafunzi walikuwa wamelitumia muda wote huo. Mabango ya ofisi yalipobadilishwa, mtu alichomeka karatasi chini ya bango lake iliyoandikwa *hatimaye*.

Afande alimaliza shahada yake akiwa wa tatu darasani. Hakutaka uwakili. Siku hizi ana chumba kidogo karibu na soko ambako huwasomea watu barua za mahakama na kuwaeleza zinataka nini, na kila Alhamisi mchana hufunga mapema.

Maana kosa lile lilizaa kazi. Ikiwa mstari mmoja ulisomwa vibaya, je, mingine? Profesa alihesabu katika madaftari yote ya masjala akapata mistari mirefu mia tatu na sita, kesi mia tatu na sita ambazo yeye na wengine walidhani zimekufa, kumbe zilipanda ngazi. Kila Alhamisi hushuka na wanafunzi sita, vitambaa puani, pamoja na Afande, na mara mojamoja Mzee Makabrasha, ambaye hukaa kitini na kuelekeza kwa fimbo. Kazi haiendi haraka. Kuna majalada yaliyoliwa na mchwa, kuna yaliyopotea moja kwa moja, na kuna siku hupita bila kitu ila chafya.

Alhamisi iliyopita walifungua la mia moja na nne. Lilikuwa la ndugu wawili waliogombania kivuli cha ukuta: nani ana haki ya kuweka kiti chake hapo saa nane mchana. Profesa alikuwa akisoma kwa sauti, wanafunzi wameshagawanyika upande wa kaka na upande wa mdogo, Mzee Makabrasha ameshaliona kosa la karani katika tarehe, wakati mlinzi wa jengo aliposhuka kuwaambia saa ya kufunga imefika.

"Nani alishinda?" aliuliza, funguo mkononi.

"Hatujafika," alisema Profesa. "Zimebaki kurasa nne."

Mlinzi akatazama saa yake, akatazama ngazi, akavuta boksi tupu akakaa.